Kitabu cha kwanza kuchapwa Afrika kilitoka mikononi mwa wakimbizi

KAMANGO, Beni – Mkaaji wa Kamango ukimwuliza alibeba nini tarehe 11 Julai 2013, hakosi jibu. Sufuria. Godoro. Mtoto wa jirani aliyepotezana na wazazi wake. Siku ile waasi wa ADF walipoingia hapa kwenye makao makuu ya usultani wa Watalinga, watu zaidi ya elfu sitini walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda, kwa muda wa siku chache tu. Mama yangu alibeba mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vyeti vya ubatizo, karatasi ya shamba la kakao na diploma yangu ya Serikali. Tulimtania kwa miezi kadhaa kwamba aliacha unga akabeba makaratasi. Tuliporudi tukakuta mpaka wa shamba unagombewa, utani ukaisha.

Niliukumbuka mfuko ule nilipoanza kusoma habari za watu wanaokusanya vitabu vya kale vya Kiebrania, vile vya mwanzo kabisa kuchapwa kwa mashine, hasa vitabu vya sheria ya dini ya Kiyahudi. Kwa nje ni mambo ya mbali sana na barabara ya Mbau–Kamango: minada ya New York na London, kabati za vioo, bei za mamilioni ya dola. Ila ukiuliza kila kitabu kilipitia wapi, unaanza kukutana na watu unaowafahamu. Ni watu waliotoka nyumbani usiku na kulazimika kuchagua cha kubeba.

Na kimoja kati ya vitabu hivyo ni cha kwetu Afrika.

Kutoka Lisbon hadi Fez

Mwaka 1516, katika mji wa Fez nchini Morocco, mtu aitwaye Samuel Nedivot na mwanawe Isaac walimaliza kuchapa kitabu kinachojulikana kwa jina la mtungaji wake, Abudarham. Ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa kwa mashine katika bara zima la Afrika. Kimeandikwa kwa Kiebrania, na kinahusu sheria na desturi za sala: baraka ipi isomwe lini, kwa nini sala hii ina maneno haya, sikukuu zinahesabiwaje katika kalenda. David Abudarham alikitunga huko Seville, Hispania, mwaka 1340, kwa ajili ya watu wa kawaida waliokuwa wakisali bila kuelewa wanachokisema. Tatizo hilo, bila shaka, halikuwa la Wayahudi peke yao.

Familia ya Nedivot haikuwa ya Fez. Walitoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, walikojifunza kazi ya kuchapa. Lisbon ilikuwa na kiwanda cha Myahudi mmoja, Eliezer Toledano, na mwaka 1489 kiwanda hicho kilichapa kitabu hichohicho cha Abudarham. Miaka mitatu baadaye wafalme wa Hispania wakawafukuza Wayahudi wote, na maelfu yao wakakimbilia Ureno. Hawakupumzika. Desemba 1496 Mfalme Manuel wa Ureno naye akatoa amri ya kuwafukuza, na mwaka uliofuata wengi wakabatizwa kwa nguvu. Vitabu vya Kiebrania vikanyang'anywa.

Waliofaulu kuvuka bahari kwenda Morocco walibeba walichoweza. Akina Nedivot walibeba ufundi wao. Walipofungua kazi Fez, hawakuanza na kitabu kipya. Walirudia kile cha Lisbon, kwa sura ileile ya Lisbon. Mtu aliyewahi kuishi kambini atawaelewa haraka: kitu cha kwanza mama anachofanya akipewa kiwanja chenye turubai ni kujenga jiko linalofanana na lile aliloliacha nyumbani.

Kazi ya Fez haikudumu hata miaka kumi. Kwa hiyo vitabu vilivyotoka pale ni vichache, na nakala zilizobaki ni chache zaidi. Kwa mkusanyaji, neno "Fez" kwenye ukurasa wa mwisho linatosha kumkosesha usingizi.

Vitabu chini ya mzeituni

Kuna mkimbizi mwingine wa njia hiyohiyo ambaye habari zake zilinigusa kuliko zote. Jina lake ni Abraham Saba, rabi aliyetoka Hispania mwaka 1492 na kufikia Ureno. Amri ya Mfalme Manuel ilipokuja, aliacha maktaba yake katika mji wa Porto. Alishika njia ya Lisbon na maandishi machache tu, yale aliyoyatunga mwenyewe kwa mkono wake. Alipokaribia mji, Wayahudi wenzake wakamwonya kwamba atakayekutwa na kitabu cha Kiebrania atauawa. Akachimba shimo chini ya mzeituni akayafukia.

Hakuyaona tena. Alikamatwa akafungwa, na alipoachiliwa akaenda Fez. Huko alikaa akayaandika upya maandishi yake kutoka kichwani, neno kwa neno kadiri alivyokumbuka. Kitabu chake cha ufafanuzi wa Torati kilichapwa Venice katika miaka ya 1520.

Nimeeleza kisa hiki kwa watu kadhaa hapa Kamango na hakuna aliyeshangaa. Watu hapa wamefukia vitu. Wengine hawakumbuki tena ni chini ya mti gani, maana mti wenyewe ulishakatwa.

Kwa nini sheria?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vitabu vya sheria ndivyo vilivyokimbizwa na kuchapwa mapema, na si hadithi au mashairi. Jibu ni kwamba kwa karne nyingi Wayahudi hawakuwa na nchi, mahakama za dola wala polisi wao. Kitabu cha sheria kilikuwa serikali yao ya kubeba mkononi. Ndoa ifungwe vipi, talaka iandikweje, deni lidaiwe namna gani, mnyama achinjwe vipi, Sabato inaanza saa ngapi: yote yalikuwa humo. Jumuiya iliyofika ugenini bila kitabu ilikuwa kama kijiji kilichorudi kutoka ukimbizini bila mwami na bila mzee yeyote anayekumbuka mipaka.

Ndiyo sababu mapema kabisa, mwaka 1475, katika mji mdogo wa Piove di Sacco, Italia, Myahudi Meshullam Cusi alichapa *Arba'ah Turim*, mkusanyo mkubwa wa sheria uliotungwa na Jacob ben Asher. Mashine ya Gutenberg ilikuwa na umri wa kama miaka ishirini tu. Mkusanyo huohuo ulichapwa Istanbul mwaka 1493 na ndugu wawili, David na Samuel ibn Nahmias, nao wakimbizi wa Hispania. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa kwa mashine katika dola nzima ya Waturuki wa Osmani, kwa lugha yoyote. Linganisha na Fez: miji miwili, bahari kati yao, na kila mmoja ulipata kitabu chake cha kwanza cha mashine kutoka kwa watu waliofukuzwa kwao.

Hata pwani yetu ya Waswahili mambo yalikwenda kwa mtindo unaofanana. Sultani Barghash alipoleta mashine ya chapa Zanzibar karibu mwaka 1880, moja ya kazi kubwa za mwanzo ilikuwa *Qamus al-Sharia*, mkusanyo wa sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Ibadhi wenye majuzuu mengi. Dini tofauti, karne tofauti, haja ileile.

Kitabu cha sheria kinachotumika zaidi hadi leo, *Shulhan Arukh*, kilichapwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565. Mtungaji wake, Joseph Karo, alitolewa Iberia akiwa mtoto na kuishia Safed, Galilaya. Nacho basi ni kazi ya mtoto wa ukimbizini.

Moto, wino na ukurasa wa mwisho

Vitabu vya wakati huo viliporomoka kwa njia nyingi: panya, mvua, wadudu, mikono ya wanafunzi. Kubwa kuliko yote lilikuwa moto. Tarehe 9 Septemba 1553, siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi, nakala za Talmudi zilichomwa hadharani katika uwanja wa Campo de' Fiori, Roma, kwa amri ya wakuu wa Kanisa. Miji mingine ya Italia ikafuata, pamoja na Venice.

Ajabu ni kwamba Venice hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imetoa Talmudi kamili ya kwanza kuchapwa, kati ya mwaka 1520 na 1523. Mchapaji wake, Daniel Bomberg, alikuwa Mkristo kutoka Antwerp, mji ambao Wakongomani wengi wanaujua kwa jina la Anvers na kwa biashara ya almasi. Mpangilio wa kurasa wa Bomberg unafuatwa hadi leo. Mwanafunzi wa Talmudi anayetaja namba ya ukurasa anatumia namba za kiwanda kile.

Baada ya moto ulikuja wino. Kitabu kilichoruhusiwa kubaki kilipitishwa kwa mkaguzi, mara nyingi Myahudi aliyebatizwa, ambaye alifuta maneno yaliyodhaniwa kuutukana Ukristo kisha akatia sahihi mwishoni. Wakusanyaji wanazipenda sahihi hizo. Zinaonyesha kitabu kilikuwa wapi na mwaka gani. Na kuna jambo linalonifurahisha: wino wa wakaguzi wengi umepauka kwa karne hizi, ule wa mashine umebaki mweusi, na maneno yaliyofutwa yanasomeka tena.

Mkusanyaji mzoefu akishika kitabu cha aina hii hafungui mwanzo. Anafungua mwisho. Vitabu vya kwanza havikuwa na ukurasa wa jina kama vya sasa. Mchapaji aliandika mwishoni jina lake, mji na tarehe, na tarehe yenyewe mara nyingi imefichwa katika herufi za aya ya Biblia, kwa kuwa kila herufi ya Kiebrania ni namba pia. Mwaka 1516 wa Fez ni 5276 kwa hesabu ya Kiyahudi. Ukurasa wa mwisho ukiwa umechanika, kitabu kinakuwa kama mtu asiye na karata ya mpiga kura: yupo, lakini ana kazi ya kujithibitisha.

Baada ya hapo anahesabu kurasa zote. Kisha anaangalia pembeni. Huko kuna majina ya wamiliki, tarehe za kuzaliwa watoto, madoa ya nta na divai, maswali ya mwanafunzi fulani aliyechoka. Vitabu vyote vya Kiebrania vilivyochapwa kabla ya mwaka 1501 vinakadiriwa kuwa matoleo kama 140. Mengi ya yale ya Hispania na Ureno yamebaki vipande tu.

Tajiri wa almasi na Talmudi ya kanisani

Sasa tuje kwa wenye fedha. Wa zamani aliyejulikana sana ni Rabi David Oppenheim, aliyefariki mwaka 1736. Alikuwa rabi mkuu wa Prague, lakini vitabu vyake alivihifadhi Hanover, Ujerumani, kwa wakwe zake, akiwaogopa wakaguzi wa Prague. Fikiria mtu anayekusanya vitabu maisha yake yote na hawezi kukaa navyo chumba kimoja. Baada ya kifo chake viliishia kwenye makasha huko Hamburg, mpaka maktaba ya Bodleian ya Oxford ilipovinunua mwaka 1829.

Wa karibu zaidi ni Jack Lunzer wa London, mfanyabiashara wa almasi za viwandani, zile ambazo ardhi yetu ya Kasai imezitoa kwa wingi sana. Mwaka 1956 Lunzer aliona katika maonyesho ya London nakala ya Talmudi ya Bomberg, safi na kamili, mali ya kanisa la Westminster Abbey, mahali wafalme wa Uingereza wanapovishwa taji. Aliifuatilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Wakubwa wa kanisa hawakutaka kuuza. Mwishowe, mwaka 1980, akasikia kwamba hati ya kale ya kanisa lilelile, yenye miaka kama 900, inauzwa. Akainunua, akawapelekea, nao wakampa Talmudi. Desemba 2015 nakala hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 9.3.

Sehemu kubwa ya maktaba yake, vitabu kama elfu kumi, ilichukuliwa na Maktaba ya Taifa ya Israel mwaka 2017. Lunzer alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Milioni 9.3 kwa kitabu kimoja inaudhi kidogo ukiisoma ukiwa hapa, ambapo shule nyingine zina kitabu kimoja kwa darasa zima. Na katika fedha zote hizo hakuna hata senti iliyowafikia wazao wa waliokimbia na vitabu mgongoni. Lakini siwezi kuwaita wakusanyaji wanyang'anyi kirahisi. Sheria ya Kiyahudi yenyewe inakataza kutupa kitabu chenye jina la Mungu. Kikichakaa kinazikwa, au kinawekwa katika chumba maalumu kiitwacho geniza. Chumba cha aina hiyo katika sinagogi ya Ben Ezra, Cairo, kilikaa na makaratasi ya karne nyingi, na mwaka 1896 na 1897 Solomon Schechter akachukua vipande zaidi ya laki moja na tisini kuvipeleka Cambridge. Wamisri wana haki ya kuuliza kwa nini urithi ule uko Uingereza. Watafiti nao wana haki ya kujibu kwamba leo vinasomeka kwa simu popote penye mtandao. Mimi nakubaliana na wote wawili, na naona swali la Wamisri ni zito zaidi.

Lubumbashi na Mbale

Tusidhani habari hizi zilituruka. Wayahudi waliotoka Hispania walijenga jumuiya pia katika kisiwa cha Rhodes, na karne ya 20 ilipoanza vijana wa Rhodes walianza kuja Kongo kutafuta maisha. Wengi walifikia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na sinagogi yao ya mwaka 1930 ingali imesimama. Rabi wao Moïse Levy, aliyesomea chuo cha marabi cha Rhodes, alifika mwaka 1937 na kuongoza hadi 1991, enzi za Wabelgiji, za kujitenga kwa Katanga na za Mobutu zote. Wasomaji wengi wanamjua mwanasiasa Moïse Katumbi. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka Rhodes. Waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani Julai 1944, watu zaidi ya 1,600, wakapelekwa Auschwitz. Walionusurika ni kama 150. Kwa hiyo sheria na sala za Rhodes ziliendelea kusomwa Katanga wakati Rhodes yenyewe ilikuwa imenyamaza.

Upande wa pili wa mpaka wetu kuna kisa cha ajabu zaidi. Semei Kakungulu, kiongozi wa vita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kutwaa mashariki ya Uganda, aligombana nao, akajikita katika kusoma Biblia ya Kiganda. Akafikia uamuzi kwamba amri za Musa zifuatwe zote. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, hapo Mbale. Hakuwa na rabi, wala Talmudi, wala Shulhan Arukh. Baadaye kidogo akapita Myahudi mmoja wa Ulaya, anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu, akakaa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na sheria za chakula.

Na Kakungulu akafanya alichofanya Nedivot kule Fez. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa kama 90 kwa Kiganda, mwongozo wa dini kwa watu wake. Kwa maoni yangu, mkusanyaji anayetafuta vitabu vya mwanzo vya sheria ya Kiyahudi barani Afrika anapaswa kukiweka kwenye kabati moja na Abudarham ya Fez, ingawa hakina hata herufi moja ya kale na karatasi yake ina umri wa karne moja tu. Nacho ni cha watu waliokuwa peke yao, waliotaka kujua siku inaanza lini na nini kiliwe.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Chini ya Idi Amin, kuanzia 1971, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Wengi wakabadili dini, waliobaki wakisali kwa siri, na Amin alipoanguka mwaka 1979 walikuwa mia chache tu. Leo jumuiya hiyo, Abayudaya, ina rabi wake mzaliwa wa hapohapo, Gershom Sizomu, aliyewekwa wakfu Marekani mwaka 2008, na sinagogi mpya ya Nabugoye iliyofunguliwa 2016.

Toka Kamango kwenda Mbale unavuka Nobili, unashika Bundibugyo, Fort Portal, Kampala, kisha Jinja. Njia hadi Bundibugyo watu wetu wanaijua kwa miguu. Mama yangu bado ana ule mfuko wa plastiki. Ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, karibu na mahali mkono unapofika kwanza.